Nimeshakaribia

Kitu cha kwanza kilikuwa mkanda. Katika picha, mkanda wa kiti cha nyuma ulikuwa umefungwa, kifungo kimebana sawasawa juu ya kiti kitupu. Mpigapicha alijua kwa hakika kwamba alipoipiga picha ile ncha mbili za mkanda zilikuwa zinaning'inia nje ya ndege, kwa sababu alikuwa amefikiria kuzirudisha ndani, kisha akaziacha kwa kuwa zilipendeza.

Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango hurudi kuusukuma, akizima jiko hurudi kuligusa. Nyumbani walimtania kwamba siku atakayokufa atarudi kuangalia kama amekufa kweli. Kwa hiyo aliiacha kompyuta juu ya meza ya vyuma, akavuka banda la ndege, akapanda ngazi ya mbao na kuchungulia. Ncha za mkanda zilikuwa zinaning'inia nje, moja kila upande.

"Shangazi, umegusa mkanda wa nyuma?"

"Nina mikono mingapi mimi?" Sauti ya Shangazi ilitoka chini ya bawa. "Muulize Taratibu."

Fundi Taratibu, aliyepata jina hilo kwa neno alilolisema kabla ya kukaza kila nati, alisema hajagusa na wala hana mpango wa kugusa. "Kiti kile mimi sikipendi," alisema. "Kina baridi. Banda zima joto la kuokea mikate, pale pekee pana baridi."

Ndege yenyewe ilikuwa ya zamani sana, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, mwili wa mbao uliovikwa turubai, na viti viwili vya wazi, kimoja nyuma ya kingine. Enzi zake ilitumika kupiga picha za ramani: rubani mbele, mpigapicha nyuma. Shangazi aliikuta ghalani, panya wamezalia kwenye injini, mwezi uleule waajiri wake walipomwambia kwamba umri wake wa kurusha ndege za mizigo umekwisha. Hakulia wala hakubishana. Aliikokota ndege kwa lori, akakodi banda pembeni mwa uwanja mdogo, akamtafuta Fundi, na kila aliyemuuliza alimjibu jibu moja: "Wamenishusha. Nitapanda tena, na safari hiyo hakuna wa kunishusha." Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Angeirusha kwa mara ya kwanza mbele ya watu, yeye mbele, binti wa kaka yake, huyo Mpigapicha, nyuma na kamera.

Lenzi aliyoipigia picha ile ya mkanda ilitoka humohumo ndegeni. Walipong'oa kiti cha nyuma ili wakishone upya walikuta kopo la bati lililozungushiwa waya, na ndani yake, katika kitambaa kilichogeuka cheusi, lenzi nzito ya shaba. Kioo chake kilikuwa kimeota ukungu, nyuzi nyeupe zilizotambaa kutoka ukingoni kama mizizi inayotafuta maji. Fundi alisema itupwe. Mpigapicha alimtazama kama mtu aliyesikia mtoto akitukanwa. Aliisafisha kwa spiriti, akaipeleka kwa mkereza vyuma achonge pete ya kuiunganisha na kamera yake mpya, na picha ya kwanza ilipotokea alikaa chini. Kingo zilikuwa zimeyeyuka katika mwanga, lakini katikati kila msumari ulionekana, na rangi zilikuwa zimepoa kama rangi za picha zinazotundikwa sebuleni kwa bibi.

Na alikuwa na neno lake la kazi. Alilirithi kwa marehemu baba yake, mwenye studio ya picha za pasipoti na harusi, ambaye hakuweza kubonyeza kamera bila kuwasogeza watu kwa mdomo: "Karibu. Karibu kidogo. Karibu tena. Hapohapo." Binti alilisema neno hilo hata kwa sahani, hata kwa milima. Alilisema kwa ndege pia, kila Fundi alipoisukuma kutoka kizani kuelekea mwanga wa mlangoni.

Kesho yake Shangazi alikaa kiti cha mbele, kofia ya ngozi kichwani, miwani ya upepo imepandishwa kwenye paji la uso.

"Nitabasamu au nikunje uso?"

"Kaa kama kawaida yako."

"Basi nakunja."

Mpigapicha aliweka jicho kwenye kamera. "Karibu," alisema, na Fundi akaanza kusukuma kwenye mkia. "Karibu kidogo." Harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyoungua ilimjia puani, mafuta yale ya injini za kale, ingawa injini ilikuwa baridi na tangi lake tupu. "Karibu tena."

"Nimeshakaribia."

Ilikuwa sauti ndogo, yenye adabu, sauti ya mgeni ambaye ameshavuta kiti.

"Umesemaje, Fundi?"

"Mimi? Nasukuma ndege, niseme nini?"

Alibonyeza. Akabonyeza tena kwa sababu hakuamini, na mara ya tatu kwa sababu mkono haukutii. Kisha akaziangalia picha hapohapo, kwenye skrini ya nyuma ya kamera, mgongo kauegemeza ukutani. Katika ya kwanza, kiti cha nyuma kilikuwa na mtu. Hakuwa na nguo wala ngozi, alikuwa giza lenye mabega, na pale uso ulipotakiwa kuwa palikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kutoka ukingoni kuja katikati. Katika ya pili alikuwa ameinama mbele. Katika ya tatu kidevu chake kilikuwa kimetua juu ya bega la Shangazi, polepole, kama anayetaka kusoma gazeti la mwenzake, na Shangazi chini ya kidevu kile alikuwa amekunja uso kama alivyoahidi.

Shangazi alizitazama picha moja moja.

"Ukungu wa kioo chako," alisema mwishowe.

"Shangazi, ukungu hauinami."

"Hmm." Alijipangusa bega, akajifanya anafuta vumbi. "Basi ana tabia mbaya. Mwanamume hajanisalimia, keshanilalia begani."

"Usifanye mzaha. Nakuomba."

"Nisipofanya mzaha nitafanya nini, mwanangu? Nilie? Nilishakataa kulia kwa watu wenye ofisi na mihuri. Nitalia kwa asiye na pua?"

Lakini usiku ule hakuimba akinawa mikono, na yeye huimba kila siku.

Alhamisi waliwasha injini. Walizuia magurudumu kwa vipande vya mbao, Fundi akazungusha pangaboi la mbele, injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Ndege ile ilikuwa na fimbo mbili za usukani, moja kwa kila kiti, zilizounganishwa kwa chuma kimoja chini ya sakafu, hivi kwamba ukivuta moja na ya pili inakuja. Mpigapicha alikuwa amesimama kando, kamera imefungwa ndani ya mkoba, akitazama kwa macho yake mwenyewe. Aliiona fimbo ya nyuma ikijipinda kwenda kushoto, kisha ikaganda hapo, ikitetemeka, na mbele yake aliuona mkono wa Shangazi umekakamaa, mshipa umesimama hadi kwenye kiwiko, ukivuta kwenda kulia na usiweze, na akatambua kwamba kama ndege ile ingekuwa angani muda huo wasingekuwa wanavutana fimbo, wangekuwa wanaanguka.

Shangazi alizima injini. Alibaki ameketi.

"Amenizidi nguvu," alinong'ona. "Kidogo tu. Kama anacheza."

Fundi hakusema taratibu. Aliingia chini ya kiti cha nyuma na spana, akaing'oa fimbo ile nzima nzima, akaitupa kwenye kona ya vyuma chakavu. "Sasa avute upepo," alisema, akihema.

Mpigapicha alitamani kuishia hapo. Lakini mtu wa kuhakikisha ni mtu wa kuhakikisha. Aliitoa kamera, akasali kimoyomoyo, akapiga moja bila kusema neno. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alishusha pumzi, na pumzi ilikuwa haijamaliza kutoka alipoona kwamba kilikuwa kitupu kwa sababu aliyekuwa amekikalia amelalia mbele, tumbo juu ya mgongo wa Shangazi, mikono mirefu ya giza imepita chini ya makwapa yake mpaka kwenye fimbo ya mbele, na vidole vimefunika vidole vyake, kimoja juu ya kimoja, kama mwalimu anayemshika mtoto mkono amfundishe kuandika.

"Ahirisha Jumamosi," alisema. "Shangazi, tafadhali."

"Nikiahirisha, Jumapili atakuwa ameondoka?"

"Sijui."

"Basi siahirishi. Nikishuka kwenye kiti hiki leo nimeshuka moja kwa moja, na yeye ndiye atakuwa rubani. Mlete unayemjua wa kumtoa. Mimi nitarusha ndege yangu."

Aliyejulikana wa kumtoa alifika Ijumaa mchana, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na makaa yake ndani ya kopo la chakula. Watu walimwita Mtabibu tu. Aliizunguka ndege na moshi wa ubani, akanusa kiti cha nyuma, akagongagonga turubai kama anayechagua tikiti. Kisha akazima makaa yake na kuyafunika.

"Mimi hutoa waliojiingiza," alisema kwa hasira, kama aliyeitwa nyumba isiyo yake. "Huyu hakujiingiza. Alikuwa amelala ndani ya kioo, akakaribishwa. Kwa mdomo, tena si mara moja. Nani hapa ana mdomo wa kusema karibu?"

Shangazi na Fundi waligeuka pamoja.

"Mimi," alisema Mpigapicha. "Lakini mimi nilikuwa nasema sogea! Karibu ya kusogea, siyo ya kuingia!"

"Yeye hajui mambo ya kamera. Anajua neno."

Fundi alikuwa ameshainua nyundo juu ya lenzi. Mtabibu alimdaka mkono. "Ukikivunja kioo umevunja mlango na mwenyewe yuko ndani. Atatokea wapi, kwenye masikio yako?" Akamgeukia binti. "Nami siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Wa kumwondoa ni mwenyeji wake, tena kwa haki. Labda umkute na kosa la mgeni."

"Kosa gani?"

"Ningelijua ningelikuambia niende zangu." Alichukua kopo lake. "Mkimaliza salama mnijulishe. Msipomaliza, nitasikia tu."

Mpigapicha alijifungia katika kiofisi cha pembeni, mikono imembana kichwa. Kila karibu aliyowahi kusema ilimrudia. Nje, Fundi alikuwa akitundika juu ya lango kitambaa alichokipaka rangi mwenyewe kwa ajili ya watazamaji wa Jumamosi, herufi nyekundu ndefu kama mtoto: KARIBUNI WOTE. Baadaye hatua zake zikaja hadi mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu, bila hata kuinua kichwa. Neno lilitoka lenyewe, mdomo umetangulia akili kama kawaida ya mdomo.

Fundi aliingia na vikombe viwili vya chai. Akamkuta binti amesimama, macho yamemtoka.

"Fundi. Mtu akiingia kwako bila hodi, kisa amekusikia ukimkaribisha mtu mwingine, huyo ni nani?"

Fundi alifikiri taratibu. "Mwizi," alisema. "Au shemeji yangu."

"Kateremshe kile kitambaa cha langoni."

"Nimekipaka siku mbili!"

"Kiteremshe, Fundi, nakuomba. Na kuanzia sasa neno lile asilitamke mtu humu ndani, hata kwa utani. Hata mtu akibisha. Hasa mtu akibisha."

Jua lilikuwa limeshuka hadi usawa wa mlango, likiijaza ndege mwanga mwekundu kutoka ubavuni, mwanga ambao siku nyingine ungemfanya ashangilie. Shangazi alisimama kulia kwake, Fundi nyuma yao ameshika nyundo isiyo na kazi. Mpigapicha aliinua kamera. Akaweka jicho.

Yule mgeni alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mkanda ameufunga, nyuzi nyeupe za uso wake zimemgeukia yeye.

"Wewe," alisema Mpigapicha, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyopanga. "Ulibisha hodi?"

"Nimeshakaribia," ilisema ile sauti ya adabu.

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza ulibisha hodi?"

Turubai la mabawa lilivuta pumzi ndani, likaacha.

"Hukubisha. Mimi nilikuwa naiambia ndege isogee, ukadandia neno la mwenzako. Mgeni hubisha. Asiyebisha ni mwizi." Sasa alikuwa akipiga kelele, na alishangaa jinsi kelele zilivyomtoka vizuri. "Umekaa kiti kisicho chako, umemlalia shangazi yangu mabegani bila salamu, umemshika mkono bila ruhusa. Fungua mkanda. Shuka!"

Ndani ya kioo, kifungo kilifunguka. Giza lenye mabega lilisimama, likavuka ukingo wa kiti, likashuka ngazi ya mbao, na kila kipago kililia chini ya uzito wake, cha juu, cha kati, cha chini. Kisha lenzi haikuonyesha kitu tena ila ndege na jua.

"Ametoka?" alinong'ona Fundi.

Mabati ya ukuta yaligongwa kutoka nje. Kok, kok, kok.

"Hodi," ilisema sauti ya Shangazi nje, na Shangazi mwenyewe amesimama ndani, kiganja mdomoni.

Hakuna aliyejibu.

Kok, kok, kok, safari hii upande wa pili. "Hodi humu. Taratibu jamani, nifungulieni," ilisema sauti ya Fundi, na Fundi wa ndani akaangusha nyundo.

Hakuna aliyejibu. Neno lilikuwa limejaa mdomoni mwa kila mmoja kama maji, neno walilolijibu tangu wajifunze kusema, nyumbani, shuleni, ofisini, mchana na usiku, bila kufikiri, na Mpigapicha aliuuma ulimi wake akausikia ukitoa ladha ya chuma, akasema moyoni kwamba sasa yamekwisha, hana sauti nyingine ya kuazima, na hapo ndipo mabati yalipogongwa kwa mlio mwingine kabisa, mlio wa pole wa kucha za vidole viwili, ule uliokuwa ukigonga mlango wa chumba chake alipokuwa mdogo mwenye homa.

"Hodi, mwanangu," ilisema sauti ya baba yake. "Hodi, dada. Nimetembea mno. Mbona mmenyamaza?"

Mpigapicha alihesabu kwamba yeye mwenyewe atajizuia. Hakuwa amemhesabu Shangazi. Uso wa Shangazi, ambao haukulegea mbele ya waajiri wala mbele ya picha zile, ulikuwa umelegea kama wa mtoto. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, mikono mbele, na midomo yake ikafunguka.

"Kaka? Ka—"

Mpigapicha alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, wakaanguka wote wawili juu ya sakafu ya saruji. Shangazi alipigana. Alikuwa na nguvu za mtu wa kunyanyua injini. "Siyo yeye," binti alimwambia sikioni, tena na tena, akilia. "Baba hakuwa mtu wa kulalamika amechoka. Unamjua. Alikuwa anachoka anacheka. Siyo yeye, Shangazi, siyo yeye." Mpaka mwili ule ukatulia, na kichwa kikaitikia chini ya kiganja.

"Hodi," ilisema sauti nje, na sasa haikuwa ya mtu yeyote.

Mpigapicha aliinuka. Hakurudi kuokota kamera iliyomponyoka alipomrukia Shangazi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuhakikisha kitu. Alipanda ngazi, akaingia kiti cha nyuma, na baridi yake ikampiga mgongoni kama maji ya kisima. Alikusanya ncha mbili za mkanda kutoka nje, akazivuta juu ya mapaja, akafunga.

"Hatuhitaji mtu!" alipaza sauti mpaka mabati yakajibu. "Kiti kina mwenyewe!"

Walisubiri. Jua lilizama. Hakuna kilichobisha tena, na baada ya muda kiti kile kilianza kupata joto, joto la kawaida la mtu aliyekalia kiti chake.

Jumamosi watu walijaa uwanjani. Baadhi walinung'unika kwamba pale langoni hakuna hata neno la kuwapokea. Fundi katika overoli yake alikuwa akiwapungia mkono tu waingie, mdomo kaufumba. "Shughuli ya mabubu hii," alisema mzee mmoja. Ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikarukaruka, ikanyanyuka, na Shangazi akapiga ukelele ambao hata waliokuwa barabarani waliusikia.

Waliongea kwa bomba la mpira lililopita kati ya viti viwili. "Unaona?" sauti ya Shangazi ilisema. "Nani wa kunishusha?"

"Hakuna, Shangazi."

Chini mabanda yalikuwa visanduku vya kiberiti, barabara nyuzi. Fundi alikuwa ametaka lenzi ile izikwe. Mpigapicha alikataa: yeye ndiye aliyeisafisha, yeye ndiye aliyeichongeshea pete, ilikuwa yake. Alikuwa akiiinua ili apige mabawa dhidi ya wingu aliposikia, katikati ya ngurumo ya injini na mluzi wa nyaya, nje ya turubai upande wa kushoto, usawa wa goti lake, huko juu ambako hata kunguru hawafiki.

Kok, kok, kok.

"Hodi," ilisema sauti ndogo, yenye adabu.

Bomba la mpira lilikohoa.

"Umesikia?" aliuliza Shangazi.

"Nimesikia."

"Safari hii amejifunza adabu. Nifanyeje?"

"Endesha ndege yako."

Shangazi alicheka, kicheko chenye sauti ileile ya nyimbo zake za kunawa mikono, akailaza ndege kwa ubavu wa kulia ili kushoto kote kubaki mbingu tupu. Mpigapicha aliujaribu mkanda wake, ulikuwa umefunga. Aliujaribu tena. Kisha akageuza lenzi kuelekea palepale palipobishwa, akaweka jicho.

"Rudi nyuma," alisema. "Rudi nyuma kidogo. Rudi tena. Hapohapo."

Akabonyeza.